Gari Lililopika Uji kwa Wakwe

Mliokosa gazeti la wiki jana hamkukosa mengi. Niliibiwa tu, kama wiki mbili zilizotangulia.

Kwa ufupi: mimi ni Gichovi, mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili karibu na Ishiara. Nilinunua gari dogo jeupe la mtumba, na tangu siku hiyo limelala kwa fundi Ndambiri zaidi kuliko lilivyolala kwangu. Niliwaachia pale fundi aliponiita Ijumaa mchana, siku moja kabla ya safari ya Mitunguu kwa akina Gatwiri, kupeleka asali.

Asali hiyo si zawadi. Kwa akina Gatwiri, baba mtu akifungua kibuyu akaonja, mmekubaliwa na mazungumzo ya mahari yanaanza. Asipoonja, mnarudishiwa kibuyu na kifuniko chake, na njia ya kwao mnaisahau. Kwa hivyo msinione nikihangaika na gari mkadhani nahangaikia gari. Nilikuwa nahangaikia mke.

"Mwalimu," Ndambiri alisema kwenye simu, "usishtuke, lakini gari yako inalia."

"Gari lako linalia," nilimsahihisha.

"Eeh, hata hiyo."

Anzeni kunicheka hapo. Mtu ananiambia gari linalia, na mimi nashughulika na ngeli.

Gereji ya Ndambiri iko nyuma ya poshomili. Ni mabati manne, shimo moja, na stuli ya mteja. Stuli hiyo naijua kuliko kiti changu cha ofisini.

Kilichonifanya nimwamini Ndambiri si ufundi. Ufundi ningeujuaje? Ni maombi. Huyu bwana hafungui boneti kabla ya kuomba. Anavua kofia, anaweka mkono juu ya bati, anaombea gari, anamwombea mwenye gari, anaombea barabara yote kutoka Ishiara mpaka Kiambere. Na mimi, mtoto wa shemasi, nafumba macho. Siku hizi najiuliza ni vitu vingapi vilitoka kwenye gari langu kati ya "Baba yetu" na "Amina".

Ijumaa hiyo tuliomba, akainama, akainuka na uso wa msiba.

"Sensa imekufa."

"Sensa haifi, Ndambiri. Hufanywa kila baada ya miaka kumi. Mimi mwenyewe nilikuwa karani mwaka wa elfu mbili kumi na tisa."

Aliniangalia kwa huruma. Nadhani ndipo alipojua amepata shamba la kuvuna bila kulima.

"Hii ni sensa ya gari, mwalimu. Inaambia injini vile hali iko. Sasa injini yako haijui hali iko aje."

"Basi tuko wawili."

Alicheka, nami nikacheka, tukacheka pamoja, na gharama ya kicheko hicho nililipa mimi.

"Halafu radieta inavuja kidogo," aliongeza. "Hiyo nitaiwekea dawa."

"Dawa gani?"

"Dawa, mwalimu. Kwani ukienda hospitali unamwuliza daktari dawa inaitwaje?"

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikaona huyu ni mtu wa wahenga. Akaingia poshomili, akatoka na paketi ya unga wa wimbi, bado una joto la kinu. Nilidhani ni chakula chake cha jioni. Nikamwambia, tena kwa hekima, kwamba uji wa wimbi huongeza damu.

"Hata hii itaongezeka," alisema.

Jioni nikampigia Gatwiri. Gatwiri anauza dawa za shamba na vipuri vya pampu pale Mitunguu, na anajua mashine. Ndiye binadamu wa pekee niliyewahi kumkiria kwamba sijui kitu.

"Umeona hiyo sensa yenye imekufa?" aliniuliza.

"Nimeonyeshwa."

"Ikoje?"

"Nyeusi."

"Gichovi, kila kitu chini ya boneti ni nyeusi. Alikupa ile ya zamani ukaenda nayo nyumbani?"

"Nikaifanyie nini?"

"Acha hiyo gari. Kodisha ingine."

"Na baba yako?"

Kabla yangu alikuja mtu wa benki kutoka Meru mjini, na suti yake, na gari kubwa refu. Mzee Mithika, babake Gatwiri, alimwuliza swali moja: gari ni la nani? Jamaa, kwa kuwa ameokoka, akasema ukweli kwamba amelikodi. Mzee akamrudishia kibuyu.

"Anayeazima gari ya kuja kuomba mke," mzee alimwambia, "kesho ataazima kwangu chakula cha huyo mke."

Kwa hivyo nilikuwa na gari moja tu la kunifikisha kwa Gatwiri, nalo lilikuwa mikononi mwa Ndambiri. Na kutoka kwa yule wa benki nilijifunza somo moja baya sana: ukweli unarudisha mtu kwao.

Jumamosi tulitoka Ishiara saa mbili asubuhi. Kando yangu alikaa baba mdogo Njeru, msemaji wetu, amepakata kibuyu cha asali. Nyuma walikaa wazee wawili wa ukoo ambao kazi yao ilikuwa kuitikia. Gari lilikimbia vizuri ajabu, nikamsifu Ndambiri mpaka wazee wakachoka kuitikia.

Tulipopita Kathwana baba mdogo akaanza kunusa.

"Nani amebeba uji?"

Wazee wakasema si wao.

"Mimi nasikia harufu ya uji."

"Ni njaa, baba mdogo. Tutakula Mitunguu."

"Njaa yangu haijawahi kunuka, Gichovi."

Karibu na Chiakariga niliona mshale mmoja kwenye dashibodi unapanda. Chini paliandikwa C, juu H. Nikatafakari kitaaluma. C peke yake haimo katika alfabeti ya Kiswahili, kwa hivyo nikaipuuza. H nikaichukua kuwa Heri. Mshale ulikuwa unaelekea kwenye Heri, na mimi nilikuwa naenda kuoa. Nikakanyaga mafuta.

Mnaojua magari, tulieni. Najua sasa: C ni baridi, H ni moto.

Tukafika. Lango lilikuwa limefungwa, na akina mama wa pale walikuwa wamejipanga ndani wakiimba, kama ilivyo desturi. Wageni hujibu kwa wimbo ndipo wafunguliwe. Sisi tulikuwa wanaume wanne, na wimbo tulioujua wote ulikuwa wa mazishi. Basi akina mama wakaimba, wakaimba, robo saa nzima, na mimi nikaacha injini ikinguruma ili wajue hatukuja kwa miguu.

Lango likafunguliwa. Nikaingia polepole, kwa heshima zote. Katikati ya uwanja kitu kikapasuka chini ya boneti, na uji ukatoka.

Sitii chumvi. Uji wa kahawia, mzito, wa moto, ulitoka kila mahali boneti lilipokuwa na upenyo. Ulishuka kwenye taa, ukashuka kwenye nambari ya gari, ukatambaa mpaka kwenye viatu vya waimbaji. Wimbo ukakatika.

Nyanyake Gatwiri, mama wa miaka themanini na kitu, ndiye aliyesogea wa kwanza. Aliinama na mkongojo wake, akanusa.

"Ni wimbi," alitangaza. Akanusa tena. "Na haujaiva."

Mzee Mithika alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la kaki. Aliendesha lori la chama cha ushirika miaka ishirini na saba, na hacheki ovyo.

"Kwetu uji huletwa na wanawake, kwa kibuyu," alisema. "Huyu ameleta na injini."

Hapo lango lote likacheka. Akina mama walifunika midomo kwa leso, wakashikana mabega. Wazee wangu wawili, waliokuja kuitikia, wakaitikia na kicheko pia. Gatwiri pekee hakucheka. Alinitazama usoni na kutikisa kichwa kidogo.

Tukakaribishwa hata hivyo. Mgeni ni mgeni, hata akimwaga. Kibuyu kikawekwa mezani mbele ya mzee, na baba mdogo Njeru akasimama akasema maneno mazuri kuhusu ua lililoonekana Mitunguu na nyuki waliotoka kwetu Mbeere kulitafuta. Alisema vizuri sana. Kama si harufu ya wimbi tungekuwa tumeshinda.

Mzee Mithika alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka mkono mezani, karibu na kibuyu, lakini hakukigusa.

"Kabla ya hii asali," alisema, "hiyo gari inashikwa na nani?"

Alikuwa ananiuliza fundi wangu ni nani. Swali moja, jibu moja: Ndambiri wa Ishiara. Lakini nilimkumbuka yule wa benki na ukweli wake, nikamwona akirudi Meru na kibuyu mkononi.

"Ni mimi mwenyewe, baba," nilisema.

Baba mdogo akakohoa. Gatwiri, aliyekuwa akimimina chai, akamimina mpaka kwenye sahani.

"Wewe mwenyewe," mzee akarudia.

"Mimi, baba. Sipendi kuwapelekea watu mali yangu."

"Na huo unga?"

"Radieta ilikuwa inavuja. Nikaiziba."

Nilingoja anifukuze. Badala yake mzee akaanza kutikisika mabega. Alikuwa anacheka.

"Hata mimi niliiwekea lori unga," alisema. "Mwaka wa themanini na nne, ile njaa. Mama Gatwiri alinitukana wiki nzima. Watoto hawana uji, na wewe unalisha lori." Akapangusa macho. "Lakini unaweka kijiko, kijana. Huweki paketi."

"Nitakumbuka, baba."

"Mtu akijaribu akakosea, huyo namwelewa. Mwenye siwezi kumwelewa ni yule anakaa kwa stuli akiangalia vile anaibiwa. Huyo hata ng'ombe siwezi kumwachia, sembuse mtoto."

Nilicheka. Nilicheka kuliko watu wote pale. Huku ndani nilikuwa naiona ile stuli, na alama ya makalio yangu juu yake.

Mzee akaweka kiganja juu ya kifuniko cha kibuyu. Baba mdogo akavuta pumzi. Mimi nikaanza kufikiria majina ya watoto.

"Ngoja," mzee alisema, akauacha mkono wake pale pale. "Twende kwanza tuioshe hiyo radieta, mimi na wewe. Tukichafuka pamoja, asali itakuwa tamu."

Umati ulitufuata. Nikaingia kwenye gari kufungua boneti, na hapo nikakumbuka kwamba sijawahi kulifungua. Siku zote lilifunguliwa nikiwa nimefumba macho. Nikavuta kitu kimoja chini ya kiti, kifuniko cha tangi la mafuta kikafunguka. Nikavuta kingine, kiti kikalala chali pamoja nami. Gatwiri akapita na ndoo ya maji, akaingiza mkono dirishani kana kwamba ananipa salamu, akavuta. Boneti likafunguka.

"Kwenda huko nje," alininong'oneza. "Na usiongee sana."

Laiti ningemsikia.

Mzee alikunja mikono ya koti, akainama ndani, akaanza kuniuliza kimoja kimoja.

"Huu mkanda ulifunga wewe?"

"Mimi, baba."

"Umekaza vizuri. Na hizi plagi?"

"Mimi, baba."

"Na hii paipu?"

"Mimi."

Nilijibu kama mtu aliyesimama madhabahuni mbele ya kasisi. Kila nikisema mimi, mzee alitikisa kichwa na kunisogelea kidogo, na mwishowe bega lake likagusa langu. Baba yangu alikufa nikiwa darasa la tano. Nawaambia ukweli, kwa kuwa hapa gazetini ndipo mahali pekee ninapousema: bega lile lilinipendeza. Nilianza kuamini kwamba kweli nilifunga vitu vile.

"Na betri?"

"Mimi mwenyewe, baba. Ni eksi-Japani."

Ndivyo Ndambiri alivyoniambia siku alipoiweka. Eksi-Japani, mwalimu, mtumba wa Japani, huko watu hawajui kuchosha vitu.

Mzee alitoa kitambaa, akafuta uji ulioganda juu ya betri. Chini ya uji palikuwa na grisi, grisi nyingi, iliyopakwa na mtu aliyekuwa na nia. Akafuta na hiyo. Mkono wake ukapunguza mwendo, kisha ukasimama.

Palikuwa na herufi. Zilichomwa kwa msumari moto, vile watu huchoma mitungi yao ya maji isipotee kisimani. Nikainama nizisome, maana kusoma ndiyo kazi yangu. M. KOOME, MITUNGUU.

Sikuelewa mara moja. Nikafikiri labda kuna Mitunguu nyingine kule Japani.

"Mithika Koome," mzee alisema taratibu. "Ni mimi huyo."

Akagonga herufi hizo kwa kidole.

"Hii ni betri ya pampu yangu. Iliibwa mwezi wa nane, tukiwa kanisani. Aliyebaki hapa nyumbani alikuwa Murungi, mtoto wa ndugu yangu. Aliniapia kwa Biblia si yeye, na mimi nikamfukuza. Mama yake hajanisalimia mpaka leo." Alinyooka, akanitazama, na bega lake halikuwa tena karibu na langu. "Sasa nitakuuliza mara moja tu, mbele ya wazee wako. Nani alifunga hii betri kwa hii gari?"

Nilikuwa na majibu mawili. Nikisema mimi, mimi ni mwizi. Nikisema fundi, mimi ni mwongo, na zaidi ya mwongo, mimi ndiye yule mtu wa stuli. Mwizi anaweza kutubu. Wa stuli hasamehewi, mzee alikuwa ametoka kusema.

Nikamwangalia Gatwiri. Midomo yake ilisema bila sauti: sema. Nikafungua kinywa. Naapa nilikuwa nasema ukweli. Ulikuwa umefika kwenye ulimi.

Lakini msemaji si mimi. Msemaji ni baba mdogo Njeru, na msemaji mzuri hamwachi kijana wake aaibike kwa watu.

"Mzee Mithika," alisema kwa ile sauti yake ya nyuki na maua, "sisi watu wa Mbeere hatusemi uongo kwa wakwe. Huyu kijana ndiye aliifunga. Niliona kwa macho yangu mawili. Mimi ndiye nilikuwa nimemshikia spana."

Wazee wawili wa nyuma wakaitikia. "Ni kweli."

Mzee Mithika akaitikia kwa kichwa, mara tatu. Akatembea mpaka mezani, akachukua kibuyu cha asali, akakiweka chini karibu na mguu wake, pale mtu anapoweka kitu cha ushahidi.

"Fungeni lango," alisema. "Gatwiri, leta simu. Pigia chifu."

Akina mama waliotuimbia ndio waliofunga lango. Baba mdogo alinigeukia ili nimpongeze kwa hotuba, akaona uso wangu, na wake ukaanza kubadilika.

Gatwiri alitoa simu mfukoni. Hakulia, na hakuongea kwa hasira. Alinitazama jinsi anavyowatazama wateja wanaomletea pampu waliyoivunja wenyewe, wakisema imejivunja.

"Kuna namba mbili hapa, Gichovi," alisema, mbele ya baba yake, mbele ya nyanya yake, mbele ya Mitunguu nzima. "Ya chifu na ya Ndambiri, ile ulinipa. Niambie nipige gani."

"Ndambiri ni nani?" akauliza Mzee Mithika.

Na hakuniuliza mimi. Alimwuliza baba mdogo Njeru, mshika spana. Jibu lake, wiki ijayo.